Majengo ya zamani ya Jinja

Jamani, mkifika Jinja, Uganda, piteni Main Street mkiangalia juu. Juu ya mabango ya simu na dawa, bado kuna majengo yenye mwaka wa ujenzi na jina la mwenye duka Mhindi kwenye saruji. Wengi wao walifukuzwa na Idi Amin mwaka 1972. Leo nimemkuta fundi akipiga randa mlango wa mbao wa zamani badala ya kuweka wa chuma. Nimesimama pale mpaka mzee wa duka jirani akaniuliza, “Mwanangu, unapiga picha mlango?” Ndiyo, mzee! Ila rangi mpya tu haitoshi. Mapaa yanavuja, na maji ndiyo yanayoangusha kuta. Wanaoyakarabati waanze na bati.