Ninavyonyoosha misuli ya kifua kwa mpira wa mazoezi bila kuumiza bega

Ukinyoosha kifua kwa mpira, uvutano unatakiwa uusikie kwenye nyama iliyo kati ya mfupa wa kidari na kwapa. Ukiusikia mbele ya bega, hapo unavuta kiungo chenyewe, si misuli.

Natumia mpira wa kujaza upepo wenye kipenyo cha sentimita 55. Kwa kukalia, mtu mwenye urefu wa kama sentimita 170 hadi 185 huambiwa achukue wa 65, lakini kwa zoezi hili mpira mkubwa unaninyanyua mkono juu mno hata kabla sijaanza kushuka. Kama unao wa 65 tu, upunguze upepo. Nauweka juu ya mkeka maana kwenye marumaru unakimbia, na soksi navua. Kwanza natembea haraka dakika 5 huku nikizungusha mikono. Misuli baridi haivutwi.

Napiga magoti na kuinama kama anayedeki, mpira ukiwa kuliani kwangu. Mkono wa kushoto naukita sakafuni, chini ya bega. Wa kulia naukunja nyuzi 90, kisha naulaza juu ya mpira kuanzia kiwiko hadi kiganja. Kiwiko kikae usawa wa bega au chini yake kidogo. Kikipanda kuelekea sikioni, bega hubanwa. Narudisha bega nyuma, natoa pumzi na kushusha kifua taratibu, tumbo nikiwa nimelikaza ili kiuno kisibonyee. Nikifika panapovuta bila kuuma nabaki hapo sekunde 30, nikipumua kawaida. Sidundi-dundi: ukidunda, misuli hujikaza kujilinda. Mara 2 kila upande zinatosha.

Vidole vikianza kuchonyota au kufa ganzi, nyanyuka mara moja. Mishipa ya fahamu ya mkono hupita chini ya msuli mdogo wa kifua, na ganzi hiyo ni dalili kwamba inavutwa. Na aliyewahi kuteguka bega asilijaribu zoezi hili kabla ya kuonana na mtaalamu wa fiziotherapia, kwa sababu mkono uliofunguliwa pembeni na kuzungushwa nyuma ndio mkao ambao bega huchomoka nao kwa mbele.

Siku nyingine nalala chali. Nakalia mpira, natembeza miguu mbele hadi mgongo wa juu na kichwa viegemee, nyayo zikiwa zimeachana kwa upana wa nyonga, halafu nafungua mikono, viganja vikitazama dari. Mkao huu ni mwepesi zaidi kwa bega, ila wengi huacha kichwa kining'inie na kukunja kiuno badala ya kufungua kifua. Kuinuka ndiko kwenye hatari: usijinyanyue ghafla. Shikilia kisogo kwa mikono, leta kidevu kifuani, shusha makalio hadi sakafuni, mpira ukibaki mgongoni.