Mtoto Aliyelamba Chumvi

Alhamisi, saa saba kasoro usiku

Homa 39.2. Saa sita kamili nimempa robo tatu ya kidonge, nyingine nitampa saa kumi na mbili asubuhi. Hapo katikati nakaa kwenye kigoda kando ya kitanda chake, kwa sababu nikijinyoosha tu sitaamka. Najijua. Mchana pale zahanati walimtoboa kidole, malaria ikaonekana, tukapewa mseto. Kwa mtoto mwingine wa hapa Mwanza habari ingeishia hapo: dawa siku tatu, uji, wiki ijayo yuko uwanjani. Huyu wangu akipata homa mimi ndiye silali.

Nje hakuna mwezi, wavuvi wa dagaa wametoka. Kutoka dirishani huku mlimani utadhani kuna mtaa mwingine kule majini, nao umewasha taa zote.

Niandike ya chumvi, maana nimeikwepa muda mrefu.

Mama yangu anauza kayabo Mwaloni, soko la samaki la hapa Mwanza. Kwa asiyejua, sangara anapasuliwa, anapakwa chumvi ya mawe, anapangwa tabaka kwa tabaka mpaka ateme maji, ndipo anaanikwa. Mzigo mwingi unakwenda Kongo. Nyumba yake inanuka kayabo mpaka mashuka. Likizo ya Juni, mwaka juzi, nilimpeleka mwanangu akakae na bibi yake. Alikuwa na miaka minane, na kwa miezi kadhaa alikuwa haeleweki. Akitoka shule analala na sare. Kaptula ikaanza kumvuka, nikaitia mpira. Tumbo linauma, kichefuchefu, leo mzima, kesho hawezi kunyanyua ndoo ya lita tano. Tulitibu malaria mara tatu, tukatibu taifodi, tukatibu minyoo. Kuna aliyenishauri mganga wa kule Magu. Sikwenda, ila sitadanganya kwamba sikuwaza.

Na alikuwa anazidi kuwa mweusi. Watu wakasema jua la ziwani. Nami nikasema hivyo hivyo.

Jumapili moja nikawafuata. Nikamkuta amechuchumaa nyuma ya gunia la chumvi, ngumi imejaa, anatafuna. Nilisikia mlio wa meno. Mdomo mweupe pembeni kama mtu aliyekunywa maziwa. Nikamchapa mgongoni, kofi la kweli kweli, nikampangusa mdomo kwa kanga huku nikimfokea kwamba chumvi inakausha damu, jambo ambalo hata sijui nililitoa wapi. Hakulia. Aliniangalia tu, kisha akalamba kiganja.

Mama yangu alikuwa anafunga mzigo. Hakugeuka. Akasema, "Ng'ombe akilamba udongo humchapi, mwanangu. Unamtafutia chumvi." Kakulia kwenye ng'ombe huyo, kila kitu kwake ni ng'ombe. Nikapuuza.

Siku ya nne yake, alfajiri, akanipigia: mtoto ametapika usiku kucha, sasa haamki. Tulimpakata kwenye bodaboda, mimi nyuma, yeye katikati, baridi kama samaki wa kwenye barafu. Sukari ilikuwa 2.1. Presha chini. Sodiamu 119 wakati ilitakiwa angalau 135, na potasiamu, inayotakiwa isivuke 5, ilikuwa 6.4. Namba hizi nimezikariri kama namba ya simu.

Alikuwepo daktari kijana wa kike, macho mekundu kwa zamu ya usiku. Akafungua mdomo wa mtoto kwa tochi ya simu, akaangalia fizi, akakunjua viganja akaangalia ile mistari, akaangalia kovu la goti.

"Mama, rangi hii alizaliwa nayo?"

"Ni jua, daktari. Yuko Mwaloni tangu shule zifunge."

"Jua linafika kwenye fizi?"

Kisha akaniuliza, anapenda chumvi? Miguu ikaniisha nguvu, nikakaa chini pale pale sakafuni.

Walichota damu ya kupima kotisoli, wakachoma sindano ya haidrokotisoni bila kungoja majibu, wakamwekea dripu ya maji ya chumvi na sukari. Jioni alikuwa amekaa anaomba chipsi. Sijawahi kuona dawa ikifanya kazi vile, na bado sijui nimshukuru vipi yule binti.

Nilivyoeleweshwa, juu ya kila figo kuna tezi ndogo, imekaa kama baraghashia kichwani. Zinaitwa tezi za adrenali. Moja ya homoni zake, kotisoli, inalinda sukari na presha, na mwili ukipata shida, homa au jeraha au operesheni, tezi zinamwaga nyingi zaidi. Nyingine, aldosteroni, inaziambia figo zishike chumvi. Za mwanangu zimekufa, kinga ya mwili wake mwenyewe ndiyo iliyozishambulia. Chumvi ikawa inatoka kwenye mkojo, naye anaifuata kwenye gunia. Weusi nao una sababu yake: tezi iliyo chini ya ubongo, ikiona kotisoli haiji, inatuma amri, inaongeza, inaongeza, na amri hizo zinaamsha pia seli zinazotengeneza rangi ya ngozi. Ngozi yake ilikuwa inapiga kelele mwaka mzima, nasi tunasema jua.

Walimpima kifua kikuu kabla ya kusema ni kinga. Nikaudhika, hatuna TB nyumbani. Kumbe Thomas Addison, yule tabibu wa London aliyeueleza ugonjwa huu mwaka 1855 na kuachiwa jina lake, wagonjwa wake kadhaa tezi zao zilikuwa zimeliwa na TB. Zama hizo mgonjwa alikuwa anasubiri kufa tu. Kotisoni, dawa ya kuziba pengo la kotisoli, ilianza kutibu watu mwishoni mwa miaka ya 1940. Mama yangu alizaliwa miaka michache tu baadaye, na hilo huwa linanitisha ninapolifikiria.

Mwanangu yeye kilichomfurahisha ni Kennedy. Nilimwambia rais wa Marekani aliishi na ugonjwa kama wake.

"Alikufa na nini?"

"Alipigwa risasi."

"Basi si huu wangu," akasema, akarudi kwenye mpira.

Kliniki nilikaa benchi moja na mama wa kisiwani aliyempakata binti wa miaka miwili. Wa kwao ni wa kurithi: tezi zipo, zinavimba, lakini zinashindwa kutengeneza kotisoli, badala yake zinamwaga homoni za kiume. Ndiyo maana binti huyo alipozaliwa maumbile yake yaliwachanganya wakunga, na ndiyo maana aliletwa mjini akapona. Kabla yake kulikuwa na wavulana wawili. Mvulana huzaliwa anaonekana sawa tu. Wote wawili walianza kutapika wakikaribia wiki ya tatu, wote wakaitwa wa kuhara, wote wamezikwa. Baba na mama wakiwa wamebeba kasoro hiyo bila kuumwa, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne. Alinisimulia huku akimfunga binti kiatu, sauti ile ile mtu anayotajia bei ya dagaa. Sikuwa na neno. Nikamshikia mkoba.

Maisha yetu sasa ni wembe na sahani ya bati. Kidonge cha haidrokotisoni, yaani kotisoli ya dukani, cha miligramu 10: nusu alfajiri, robo saa nane, robo jioni. Robo haikati vizuri, inavunjika, unga unaukusanya kwa ncha ya kidole kilicholowa. Asubuhi anaongezewa kidonge kingine kidogo cha kushika chumvi. Homa ikivuka 38 tunazidisha mara mbili, ikivuka 39 mara tatu. Akitapika dawa anarudishiwa, akitapika tena ni sindano, nusu ya chupa ya miligramu 100, kisha mbio hospitali. (Hesabu hii kampangia daktari wake. Wa kwako atapangiwa yake.) Nimejifunza kuchoma sindano kwa kutumia chungwa. Mwalimu wake ana karatasi, konda wa gari la shule ana karatasi, nyingine nimeilaminisha nikaishona ndani ya begi.

Sindano si shida, hospitali wanayo, wanaitumia hata kwa pumu. Vidonge ndivyo vinanitoa jasho. Nimezunguka maduka ya dawa mchana kutwa naambiwa, "Dada, chukua prednisoloni, ni zile zile." Si zile zile. Vyetu vikiisha kabisa daktari ataniruhusu hizo, lakini zina nguvu na zinakaa mwilini muda mrefu, mtoto akizitumia miaka zinaweza kumdumaza. Kwa hiyo vyetu vinakuja na basi kutoka Dar, bahasha ndani ya bahasha, nami nasubiri stendi ya Nyegezi na wenye mizigo yao.

Saa kumi na moja na dakika ishirini. 38.1. Hajatapika. Mama amepiga, yuko njiani kwenda Mwaloni, anauliza kama mtoto amekula chumvi. Nimemwambia amekula supu ya sato, nimeitia ya kutosha. Akanyamaza kidogo, akasema haya. Hajawahi kunikumbusha lile kofi, hata siku moja.

Mtoto anakoroma, mguu mmoja nje ya chandarua. Nimeurudisha.

Nimehesabu vidonge juu ya meza: 22. Siku za kawaida ni siku 22. Siku za homa, siku moja inameza vitatu. Kukikucha nampigia mtu wa Dar.