Slashi iliyogoma saa nane mchana

Ilikuwa Januari, fremu moja karibu na stendi ya Moshi. Bakuli mbili za mashine ya slashi, yaani juisi ya kugandishwa nusu, ukwaju huku na pasheni kule, zilikuwa zinazungusha supu. Kompresa, pampu inayosukuma gesi ya kupozea, ikifanya kazi dakika kumi inakata yenyewe, inapumzika, inarudi. Mwenye fremu alikuwa ameshaamua hata kabla sijafungua boksi la vifaa.

"Fundi, hii ya feni imenishinda. Ya pili nanunua ya kupozwa kwa maji. Wewe nionyeshe tu bomba lipite wapi."

"Sawa mama, ila nipime kwanza."

Kipimajoto barazani, kivulini: nyuzi 31. Nikakining'iniza pale feni inapovutia hewa ya kondensa, yale mabomba yenye mapezi yanayotupa joto la mashine: nyuzi 41. Mashine ilikuwa imeingizwa kwenye kabati la mbao la kupendeza, nyuma imebaki nafasi ya vidole vinne, ubavuni friza ya kulala nayo inatema joto lake. Hewa moto ikitoka haina pa kwenda, inarudi kuvutwa tena. Mapezi ya kondensa yalikuwa yamezibwa na vumbi lililoshikana na mafuta ya chipsi. Nikayasugua kwa brashi laini kwa kufuata mkao wake, maana ukikatiza yanalala, kisha nikapuliza kutoka ndani kuja nje.

Geji ya presha ya gesi ikashuka kidogo, ikapanda tena, ikatulia psi 230. Kwa gesi ya R134a hiyo ni kama nyuzi 60 ndani ya kondensa, na kompresa ndogo haivumilii hapo kutwa nzima. Tena fundi aliyepita, alipoona haigandi, alikuwa ameongeza gesi. Hilo ni kosa la kila siku mjini kwetu. Gesi ikizidi, sehemu ya kondensa inajaa kimiminika, eneo la kutolea joto linapungua, presha inapaa. Nikaivutia yote kwenye mtungi, nikavakyumu, yaani nikanyonya hewa yote iliyobaki kwenye mabomba, nikajaza kwa mizani gramu zilezile zilizo kwenye kibandiko cha mashine. Juisi nayo niliipima: sukari asilimia 14 kwenye refraktomita, kipima sukari. Ikishuka chini ya 13 barafu inakuwa ngumu na kukaba parafujo inayokoroga, ikipita sana 15 inagoma kuganda. Kwa hiyo juisi haikuwa na kosa.

Baadaye tukakaa na karatasi, kwa sababu habari ya maji ilikuwa haijamtoka.

Nilimwandikia hivi: mashine inaondoa kilowati 2 za joto kutoka kwenye juisi, kompresa inakula 1, jumla 3 lazima zitupwe mahali. Maji yakipita kwenye kondensa na kutoka yamepanda nyuzi 10, zinahitajika lita 4.3 kwa dakika, yaani lita 258 kwa saa. Kompresa ikizunguka saa 6 kwa siku, ni lita 1,550 kwenda mtaroni. Mita inahesabu zote. Simtanki lake lilikuwa la lita 2,000.

"Si tuyarudishe kwenye tanki?" Swali zuri, wengi hawalifikirii. Lakini joto halipotei kwa kurudishwa. Kilowati 3 kwa saa 6 zinapandisha tanki lililojaa karibu nyuzi 8, mashine mbili nyuzi 15, na tanki lenyewe jeusi liko juani. Ndiyo maji hayohayo ya kuoshea vikombe. Mashine za maji zinafaa jiko la hoteli lenye kisima na mnara wa kupozea. Fremu ya stendi, maji yakikatika adhuhuri, swichi ya presha inazima mashine na biashara inalala.

Njia ya tatu, kondensa nje na mashine ndani, niliipenda zaidi mimi. Joto na kelele vyote vinabaki nje. Ila huwezi kuiweka juu ya mabati. Pale mchana ni kikaango. Ingekaa ukuta wa mashariki, wenye kivuli baada ya adhuhuri. Tatizo likawa mkataba wa fremu, wa mwaka mmoja. Mabomba ya shaba na kazi ya kuchomelea huwezi kuvibeba unapohama.

Akanibana: mbona dada yake Arusha ana mashine hiyohiyo, kabatini vilevile, na inaganda? Arusha iko juu kuliko Moshi kwa karibu mita 600, na hewa yake ina nyuzi 3 au 4 pungufu. Kosa lilelile kule linasameheka.

Tukabaki na feni. Kabati likavunjwa, friza ikahamia upande wa pili, mashine ikasogezwa ukuta wa nje, sentimita 15 kila ubavu. Mwenye nyumba akaruhusu tundu moja la sentimita 30, juu kidogo ya mashine, likawekwa feni ya kutolea hewa, wavu wa panya na kofia ya bati kwa ajili ya mvua. Nikaiunga swichi moja na mashine ili isisahaulike.

Siku ya kwanza kipimajoto kikagoma kushuka chini ya 37, nikaona aibu. Nilikuwa nimetoboa pa kutokea, sikuacha pa kuingilia. Mlango ukifungwa, feni inahangaika bure. Tukakata upenyo chini ya mlango, tukauwekea wavu. Ikashuka 33, geji ikasoma psi 165, na kabla saa haijaisha ukwaju ukasimama kwenye kijiko.

Ya pili aliyonunua ilikuwa ya feni. Nilipofika kuifungua ilikuwa bado katonini, naye yuko chini na futi ya cherehani, anachora kwa chaki sentimita 15 sakafuni.