"Si mimi, aunti?"

Leo jioni nimepitia kwa dadangu Kayole kumpelekea sukuma. Ana sonona (depression), anahudhuria kliniki Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili. Mwanawe ana miaka 12 na ulemavu wa akili.

Mama mtu hakuwa ametoka kitandani tangu asubuhi. Kijana alikuwa amemfunika kwa sweta yake ya shule, juu ya blanketi, mikono ya sweta ameikunja vizuri kifuani pa mamake. Chai yake mwenyewe hajaigusa.

Jirani akaninong'oneza: "Siku hizi huyu kijana anapigapiga mlango, tena anajikojolea. Si unajua hali yake."

Hali gani? Huyo mtoto ana hofu! Ana huzuni kama mtoto mwingine yeyote, ila maneno ya kuisema hana. (Na sisi watu wazima, wangapi tunayo?)

Nikakaa naye sakafuni. Sentensi fupi fupi:
Mama ni mgonjwa.
Anatumia dawa.
Si wewe uliyemfanya augue.

"Si mimi, aunti?"
Si wewe.
Akauliza tena. Nikarudia. Akauliza tena.

Kisha akavuta kikombe chake.

Wenye watoto kama huyu, nyinyi huwaambia nini mzazi akiugua hivi? Mnatumia picha? Niandikieni hapa, au hata inboksi.