Mshipi wa kipupwe: baba na mwana kwenye miamba ya Dar

Mwezi wa saba ukifika Dar, joto la usiku linashuka hadi nyuzi 19 au 18, feni zinapumzika, na watoto wanaolala bila shuka mwaka mzima wanaanza kugombea blanketi. Likizo ya katikati ya mwaka nayo huangukia karibu na hapo. Kwa baba anayetaka kutoka na mwanawe asubuhi moja kwenda kuvua, hakuna msimu mzuri kuliko huu. Wazee wa pwani watapinga, maana kusi likivuma bahari inachafuka. Hawajakosea, kama unatoka na chombo. Hapa tunazungumzia mshipi wa mkono, yaani uzi wa kuvulia bila fimbo, miguu ikiwa nchi kavu.

Kosa la kwanza hufanyika kabla ya kutoka nyumbani. Baba anaangalia siku aliyo huru, haangalii mwezi. Anafika Coco Beach saa 4 asubuhi, siku moja baada ya mwezi mpevu, anakuta maji yamekupwa mpaka kule, miamba mitupu, na watu wanatembea mahali alipotaka kutupa ndoana. Mtoto anauliza bahari imekwenda wapi, na baba hana jibu.

Jibu lenyewe si gumu. Maji hujaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Siku za bamvua, yaani mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, Dar maji hujaa mnamo saa 10 hadi 11 alfajiri na tena alasiri, na hukupwa kabisa mnamo saa 4 hadi 5 asubuhi. Tofauti kati ya kujaa na kupwa hupita mita 3. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, ratiba inageuka: maji yanakuwa chini alfajiri, yanapanda polepole asubuhi yote, na yanajaa mnamo saa 4. Tofauti yake ni kama mita 1 tu. Anayefuata kalenda ya Kiislamu anajua moja kwa moja: tarehe 8 au 9, na tena 22 au 23.

Wavuvi wazoefu hawayapendi maji mafu. Maji yakitembea kidogo, samaki nao wanatembea kidogo. Lakini ukiwa na mtoto, chagua hayohayo. Maji hayaendi mbali na miamba, mkondo hauburuti mshipi, na saa za kujaa zinakutana na saa ambazo upepo wa kusi bado haujaamka. Kuanzia saa 4 au 5 upepo unaongezeka na bahari inaanza kutoa povu. Ndio wakati wa kukunja. Kwa hiyo mfike jua linapochomoza, kwenye saa 12 na nusu, mpate saa tatu na kitu za kuvua. Jioni moja kabla, tazameni pamoja utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa. Ukisikia upepo wa kilomita 40 kwa saa na mawimbi ya mita 2, ahirisha, hata kama chambo kimeshanunuliwa.

Mahali? Miamba ya Oysterbay, fukwe za Kunduchi, na upande wa Kigamboni kuanzia Mjimwema kwenda kusini. Mlango wa bandari uachieni meli na vivuko. Bongoyo na Mbudya pia si pa kuvua: pamoja na Pangavini na Fungu Yasini ni maeneo tengefu tangu 1975, na mshipi wa mtoto haukusamehewa. Ukifika ufukwe usiokujua, salimia kwanza watu wa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi ufukweni, na uulizie taratibu na leseni. Kuna sehemu watakuelekeza wenyewe pa kusimama, na kijana atajifunza hapo kwamba bahari ina wenyewe.

Sasa vifaa. Msimamo wangu ni mmoja na siupunguzi: kila mmoja awe na mshipi wake. Baba mwenye mshipi mmoja na mtoto wa kushika ndoo hajatoka na mtoto, ametoka na msaidizi. Vifaa vya watu wawili havifiki bei ya mlo wa hoteli.

Mshipi wa nailoni wenye unene wa milimita 0.40 hadi 0.50 unatosha. Chini ya hapo unakata vidole. Juu ya hapo samaki wa miambani wanaushtukia. Mita 50 kwa kila mtu, zimezungushwa kwenye kibao au chupa tupu ya nusu lita. Ndoana chukua namba 8 na namba 10, dazeni moja kila aina, na mweleze mtoto kwamba namba ikiwa kubwa ndoana ni ndogo, kwa sababu dukani lazima atachanganya. Chubwi, kile kizito cha kuzamishia mshipi, ya gramu 20 hadi 30 inatosha kwa maji mafu. Ongeza koleo ndogo, kisu, ndoo, na kitambaa cha kushikia samaki.

Kufunga ndoana kufanyike nyumbani, usiku wa kuamkia safari, mezani penye taa. Pitisha ncha ya mshipi kwenye tundu la ndoana, ivute sentimita 15. Izungushe ncha hiyo kwenye mshipi wenyewe mara 5 au 6. Kisha irudishe, uipitishe kwenye kitanzi kidogo kilichobaki karibu na tundu la ndoana. Kabla ya kukaza, lowesha kwa mate. Hatua hii watu huiruka, halafu wanalaumu ubora wa mshipi: nailoni ikikazwa kavu inapata moto kwa msuguano, inadhoofika palepale kwenye fundo, na ndipo itakapokatika. Kaza polepole, kata ncha ukiacha milimita 3. Mizunguko ikiwa chini ya minne, fundo litateleza. Mwache mtoto afunge matano, kisha kila fundo mlijaribu kwa kuchomeka ndoana kwenye ukingo wa ubao na kuvuta. Yatakayofunguka yafunguke mezani.

Mpangilio wa miambani ni tofauti na wa mchangani. Chubwi ikae mwisho kabisa, na ndoana ichomoze pembeni kwa uzi wa sentimita 15, ikiwa sentimita 30 juu ya chubwi. Chubwi yenyewe ifungwe kwa uzi dhaifu kuliko mshipi. Ikikwama kwenye jiwe, na itakwama, mtavuta na uzi dhaifu utakatika; mnapoteza chubwi peke yake. Ukifunga vyote kwa mshipi mmoja mzito, kila kukwama kunaondoka na ndoana, chambo na mita kumi za mshipi, na kufikia saa 2 mtoto hana cha kuvulia. Wengine hutumia plagi chakavu za pikipiki badala ya chubwi, na kwa ajili ya kupoteza zinafaa. Ila usiache vyuma kumi baharini kwa asubuhi moja ukajiona mjanja.

Chambo nunueni soko la samaki la Feri siku moja kabla: ngisi robo kilo na kamba wadogo kidogo. Ngisi ndiye wa mtoto, maana nyama yake ni ngumu na haitoki kwenye ndoana kirahisi. Mkate vipande vyembamba vya upana wa sentimita 1 na urefu wa 3 au 4, nyunyiza chumvi, hifadhi kwenye barafu. Ncha ya ndoana ipite mara mbili kwenye kipande na ibaki imechomoza. Ikifichwa ndani ya nyama, changu atakula chambo chote na ndoana haitamgusa.

Kuhusu nguo, usidanganywe na neno "Dar". Nyuzi 20 zenye upepo juu ya mtoto aliyelowa mpaka kiunoni ni baridi ya kutetemesha meno. Sweta, jaketi jepesi la kuzuia upepo, kofia, na seti nzima ya nguo kavu kwenye mfuko wa plastiki uliofungwa. Miguuni yeboyebo zenye mkanda wa nyuma au raba za zamani. Kandambili kwenye mwamba wenye ukungu wa kijani ni kuteleza tu. Mtoto asiyejua kuogelea avae jaketi la kuokolea maisha tangu mnapofika, na baba naye akivaa hakutakuwa na ubishi. Bebeni chupa mbili za moto: moja ya chai ya tangawizi, nyingine ya maji moto matupu. Ya pili ina kazi yake.

Mkifika, msitupe ndoana mara moja. Kaeni dakika kumi mkitazama mawimbi yanapopiga. Mwamba uliolowa ni mwamba unaofikiwa na wimbi, hata kama sasa hivi hakuna kitu. Simameni pakavu, na muangalie njia ya kurudi: maji yanapanda, na mfereji mdogo mliouruka saa 1 unaweza kuwa wa kiunoni saa 3.

Kurusha: tandaza mshipi chini kwa mizunguko mipana, shika mita 1 juu ya chubwi, izungushe mara moja au mbili kando ya mwili, achia. Mtu mwingine asimame upande wa pili, kamwe si nyuma. Mshipi ulale juu ya kidole cha shahada, ushikwe kwa kidole gumba. Usiuzungushe mkononi. Hata kolekole mdogo akivuta ghafla, nailoni inaingia kwenye nyama.

Changu huanza kwa kudonoa, tak tak, kama mtu anayegonga mlango bila haraka. Mtoto akisikia hivyo anavuta kwa nguvu zake zote, na ndoana inarudi tupu. Mfundishe asubiri mvuto wa pili, ule wenye uzito, ndipo akaze kwa kiganja tu na kuanza kukusanya mshipi bila kuulegeza. Hapa kuna hatari nyingine, ya baba. Samaki akivuta, mkono wa mtu mzima hujikuta umeshafika kwenye mshipi wa mtoto. Uzuie. Samaki atakayeponyoka kwa uzembe wa mtoto ni wake. Samaki uliyemvutia wewe si wake, na yeye anajua.

Atakapotoka samaki, baba ndiye wa kwanza kumshika, mpaka ajulikane ni nani. Tasi ana miiba mgongoni, tumboni na nyuma yenye sumu. Hongwe naye miiba ya mgongoni na mapezi ya kifuani. Mshike kwa kitambaa, toa ndoana kwa koleo. Bunju, yule anayejaa upepo, atakuja mara nyingi kuliko mnavyotaka, na meno yake hukata mshipi. Mrudisheni majini. Sumu yake haitoki kwa kupikwa, kwa hiyo hakuna mjadala wa "tutamchemsha sana".

Mwiba wa tasi ukichoma, ndipo chupa ya pili inapofanya kazi. Changanya maji yawe moto wa kuvumilika, nyuzi 45 hivi na si zaidi, tumbukiza mkono uliochomwa kwa nusu saa hadi saa moja na nusu, ukiongeza moto kidogo kidogo. Kipimo ni mkono wako wewe, kwa sababu mkono wenye maumivu hauhisi vizuri na mtoto anaweza kuungua bila kujua. Maumivu yakizidi au akishindwa kupumua vizuri, ni hospitali.

Kati ya samaki mmoja na mwingine kuna dakika nyingi zisizo na kitu, na kwangu hizo ndizo safari yenyewe. Kijana wa miaka 13 ukimkalisha sebuleni na kumuuliza habari za shule, atakujibu "poa" na kuondoka. Mwache asimame kando yako, wote wawili macho majini, hakuna anayemtazama mwenzake usoni, na baada ya saa moja ataanza mwenyewe: "Baba, hivi na wewe ulishawahi kufeli?" Jibu kwa ufupi na kwa ukweli, kisha nyamaza. Ukigeuza jibu kuwa hotuba, hatauliza tena. Simu zibaki kwenye mfuko wa nguo kavu. Picha moja ya samaki inatosha.

Umri una mipaka yake. Chini ya miaka 8 apewe kazi ya chambo na ndoo, na safari iishe baada ya saa moja na nusu. Miaka 8 hadi 11 ashike mshipi wake, lakini ndoana ivalishwe chambo mkiwa pamoja. Kuanzia 12, mwachie hesabu ya mwezi na saa za maji. Yeye ndiye atakayetangaza tarehe nyumbani. Akikosea, mtakuta miamba mitupu, na itabidi ule muhogo wa kukaanga na kachumbari pale ufukweni bila kununa.

Samaki wasiofika urefu wa kiganja warudi. Waliobaki waparuliwe magamba na kutolewa matumbo na walewale waliovua, si mama. Chumvi, ndimu, jiko la mkaa. Kama hamkupata kitu, piteni Feri mnunue changu, lakini mkifika nyumbani semeni mmenunua.

Jioni hiyohiyo mishipi ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi na ianikwe kivulini, maana jua huidhoofisha nailoni. Ndoana zifutwe na kupakwa mafuta kidogo ya nazi. Mshipi wa mtoto ukae kwenye kibao chenye jina lake. Halafu hesabuni: maji mafu mengine yako karibu siku 15 mbele, kwa hiyo kama leo ni Jumamosi, yajayo yataangukia Jumapili.