Nilivyoizuia Lami Isibanduke kwenye Kokoto za Mwanza

Mimi ni fundi sanifu wa maabara ya barabara. Mwaka wangu wa kwanza Mwanza ulinifundisha kwamba mawe ya graniti, ambayo kila mgeni huyapiga picha pale ziwani, ni magumu kwelikweli lakini hayapatani na lami. Yana silika nyingi, na uso wa silika huvuta maji kuliko unavyovuta lami, hivyo maji ya mvua yakipenya hujiingiza kati ya utando wa lami na jiwe na kuubandua.

Tulitengeneza sampuli 6 za mchanganyiko wa lami na kokoto hizo, zenye nafasi za hewa za takriban asilimia 7. Tuliziacha 3 zikiwa kavu, na 3 nyingine tukazijaza maji kwa pampu ya kuvuta hewa, kisha tukazilaza katika maji ya nyuzi 60 kwa saa 24, na zote tukazipasua kwa mashine zikiwa na nyuzi 25. Zile kavu zilikuwa nyeusi tii hadi ndani. Zile za maji zilionyesha kokoto za waridi zilizo tupu, kana kwamba zimesuguliwa kwa brashi, na nguvu zake hazikufikia asilimia 80 ya zile kavu kama mkataba ulivyotaka.

Niliongeza chokaa iliyozimwa, asilimia 1.5 ya uzito wa kokoto, badala ya sehemu ya vumbi la mawe. Kalisi yake huungana na asidi zilizomo ndani ya lami na kufanya chumvi zisizoyeyuka katika maji. Maabarani majibu yalikuwa mazuri, nikaanza kujisifu. Kwenye mtambo unaochanganya lami na kokoto za barabara, hali ikabaki ileile.

Nililaumu mizani kwa siku 2, mpaka nilipofungua kichujio cha vumbi na kukuta mifuko yake imekuwa myeupe: chokaa ilikuwa ikimwagwa kavu juu ya mkanda unaosafirisha kokoto, na feni ya pipa la kukaushia ikaivuta kabla haijashika jiwe. Maabarani nilikuwa nalowesha kokoto kwanza, kwa sababu tu vumbi la chokaa hunipigisha chafya, na hatua hiyo sikuiandika katika maelekezo niliyompa mwendesha mtambo.

Tulifunga bomba lenye matundu juu ya mkanda, kokoto zikalowa ndipo chokaa ikanyunyizwa. Dizeli ya kukaushia iliongezeka na mhasibu hakuacha kunung'unika, lakini sampuli za mchanganyiko uliochukuliwa barabarani zilivuka kiwango. Nilizigeuzageuza dirishani nikitafuta waridi, nikaliona jiwe moja tu, nalo lilikuwa limevunjwa na mashine yenyewe.