Asali ya masika iliponitia aibu

Mwaka wangu wa kwanza wa kufuga nyuki niliuza asali ya Januari na ya Juni kwa lebo moja na bei moja. Mizinga yangu sita iko ukingoni mwa mikoko upande wa Jomvu, Mombasa, na nyuma yake kuna minazi na miembe ya mjomba. Asali ya Januari, niliyoirina kaskazi ikivuma na jua likiwaka, iliisha kwa wiki mbili. Ya Juni ilinirudi.

Aliyeirudisha ni bibi mmoja wa Mji wa Kale, mteja wangu wa tangu mwanzo. Aliiweka chupa mezani, akalegeza kifuniko, kikatoa pumzi, psss, na povu likapanda hadi shingoni.

"Mwanangu, mimi nilikuagiza asali. Wewe umeniletea tembo la mnazi?"

Nilionja. Kweli ilikuwa imechacha. Nilimrudishia pesa zake, nikaenda nyumbani nikiapa kuwa kuna mtu kaichezea asali yangu. Kumbe iliyoichezea ni mvua, pamoja na haraka yangu ya karo.

Maji matamu ya maua yakifika mzingani huwa mepesi. Nyuki huyapepea kwa mbawa mpaka yapungue maji, ndipo wanapoliziba sega kwa nta. Wakati wa masika hewa ya Mombasa yenyewe imeloa, hata chumvi jikoni hugandamana, kwa hiyo kazi hiyo huwachukua muda mrefu zaidi. Mimi nilirina masega ambayo nusu yake yalikuwa wazi. Kiwango cha kimataifa cha vyakula, cha Codex, kinataka maji yasizidi asilimia 20 kwa asali nyingi. Yakipita hapo, hamira za asili zilizomo ndani hupata nafasi ya kufanya kazi.

Ndoo iliyobaki nilijaribu kuiokoa kwa kuipasha moto juu ya jiko la makaa, na hilo likawa kosa la pili. Harufu ya maua iliondoka yote, ikabaki ya sukari iliyoungua, na rangi ikawa ya kahawa. Niliimwaga.

Kisha nikanunua rifraktomita, kijibomba cha kushika mkononi. Unatia tone moja kwenye kioo, unafunika, unaelekea kwenye mwanga na kuchungulia, unasoma asilimia ya maji. Chupa moja ya Januari niliyokuwa nimeiweka ilisoma 18. Ile ya bibi ilisoma 22. Siku hizi sikati sega ambalo robo tatu yake haijazibwa, na kabla ya kulikata nalitikisa: likinyunyiza, nalirudisha mzingani. Ndoo nazo sizilazi wazi hata usiku mmoja, maana asali hufyonza unyevu wa hewani.

Jambo lililonichukua muda kulikubali ni lile la mimea. Nilipoanza kuweka ndoo mbalimbali, niliona kwamba mchu, aina mojawapo ya mikoko, ukichanua, mizinga ya ukingoni hunipa asali ya rangi nyepesi, yenye chumvi kwa mbali ulimini. Maua ya miembe yakija, ninayopata ni nyeusi zaidi na yenye harufu nzito. Minazi hutoa karara za maua mwaka mzima, kwa hiyo nahisi imo kidogo katika kila ndoo. (Mgema wetu hunilalamikia kwamba nyuki wangu wanazama ndani ya kibuyu chake. Sina la kumjibu.) Nyuki huruka kilomita kadhaa, hivyo siandiki "mikoko tupu" kwenye lebo. Naandika mwezi na ua lililotawala.

Kuna na yule aliyenipigia simu kutoka Limuru kunishtaki kwamba nimemuuzia sukari, eti asali imeganda. Chupa ya ndoo hiyo hiyo ilikuwa mbele yangu, bado majimaji. Glukosi, moja ya sukari za asali, ndiyo inayoganda, na kila ua lina kipimo chake cha glukosi na cha sukari nyingine, fruktosi. Baridi ya kule huiharakisha, joto la huku huichelewesha. Nilimwambia aiweke chupa kwenye maji ya uvuguvugu, si kwenye moto. Sijui kama aliniamini, lakini aliagiza tena.

Bibi wa Mji wa Kale naye alirudi. Ila halipi kwanza. Huilegeza chupa pale pale mezani, akaiinamia na kutega sikio.